Kiu ya Nabintu

Mwezi uliopita tulimzika wifi yangu Nabintu, na siku ya tatu ya kilio, kama ilivyo desturi ya kwetu, machozi yalipopungua vichekesho vikaanza. Shemeji yake mmoja, mzee wa Bwegera mwenye sauti ya kuuzia samaki, alisimama katikati ya turubai akasimulia jinsi marehemu alivyokuwa bibi harusi mwenye kiu kuliko wote waliowahi kuolewa kwao. Siku wakwe walipoleta pombe, alisema, Nabintu hakungoja mama yake anywe. Aliunyakua mrija akavuta mpaka mtungi ukalia. Watu walicheka wakashika mbavu. Hata watoto wa marehemu walicheka, maana wamekua na hadithi hiyo, na baba yao alimwita mkewe Kiu mpaka siku anakufa, tena kwa mapenzi. Mimi nilikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu imekufa ganzi, na sikucheka. Nimepita miaka sabini, na watu hudhani mzee asipocheka hajasikia. Nilisikia vizuri. Katika watu wa nyumba yetu waliokuwa uani siku hiyo nimebaki mimi peke yangu, na nilikuwa nimekaa karibu na ule mtungi kuliko huyo shemeji, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Ilikuwa miaka minne kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeolewa miezi mitano, na mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye meli ya ziwani iliyokwenda Albertville, kwa hiyo ndoa yangu kwa sehemu kubwa ilikuwa na mama yake. Tuliishi Nyamianda, mtaa wa Uvira, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyonukia ndizi mbivu hadi kwenye mito ya kulalia. Mama mkwe alikuwa akipika kasiksi, pombe ya ndizi, na watu walitoka hata kiwanda cha pamba kuja kuinywa kwake. Uani palikuwa na shimo la kuivishia ndizi, mtumbwi wa mbao wa kuzikamulia, na mabenchi mawili chini ya paa la nyasi. Kila mteja alipoagiza, mama alijaza kibuyu, akapiga funda moja mbele ya macho yake, kisha ndipo akampa. Hakuna aliyekunywa pombe ambayo mwenyewe hajaionja. Watu wa kwetu waliogopa sumu kuliko simba, na pengine walikuwa na sababu zao. Kuonja ndiko kulikokuwa kusema: tutakufa wote au tutaishi wote. Basi mama alionja tangu asubuhi mpaka jua linazama, na baada ya wateja akanywa kidogo kilichokuwa chake. Sijawahi kumwona amelewa. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye ulimi wa pilipili, na niliogopa hata kukohoa mbele yake. Nabintu, binti yake wa kwanza, alikuwa mrefu na mkimya. Alizaliwa kati ya mitungi hiyo lakini hakuweza kumeza hata tone la kasiksi, harufu yake tu ilimgeuza tumbo. Mama yake alimtania kwamba ni kama mtoto wa mvuvi anayeogopa maji.

Mwaka huo Nabintu alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule moja ya misheni huko Bwegera, kijana wa familia ya wakulima wa mpunga. Alimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu siku hizi vijana wanafikiri sisi tulipelekwa tu kama mbuzi. Alikuwa akisoma barua zake nyuma ya jiko mpaka karatasi zikalegea kwenye mikunjo. Wakati wa mvua nyingi mama alikwenda Bwegera kuwatembelea wakwe watarajiwa, akakaribishwa kwa heshima zote, akala nyama ya nguruwe yenye mafuta, akanywa siku mbili mfululizo. Alirudi Uvira amepanda nyuma ya lori la mpunga, anaimba. Kesho yake asubuhi, akikamua ndizi, aliinama juu ya mtumbwi na hakuinuka. Nilifikiri anatafuta kitu kilichodondoka. Alikuwa amekumbatia tumbo, uso umekuwa wa majivu, na aliponiona alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Mukazamwana, iko kitu kinanitoboa. Kinaingia hapa mbele, kinatokea mugongoni." Tulijaribu kumlaza chali akapiga kelele. Aliweza tu kukaa ameinama mbele, amekumbatia mto, anatapika mpaka yakabaki maji ya kijani.

Kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa na jibu. Amekula Bwegera, amekunywa Bwegera, ameanguka Nyamianda: wamempa sumu. Jirani yetu muuza dagaa alilisema hadharani, na mwingine akaongeza kwamba ukoo huo wa mpunga ulikuwa na sifa hiyo tangu zamani. Nabintu alisikia yote akiwa ameshika kichwa cha mama yake. Tulimpandisha mama kwenye baiskeli, mwanaume mmoja akisukuma na sisi wawili tukimshikilia huku na huku, tukampeleka hospitali.

Chumba cha wanawake kilikuwa na vitanda sita na dirisha moja lililotazama ziwa. Wagonjwa walilala vitandani, walinzi wao, yaani ndugu waliowauguza, walilala chini, na nyuma kulikuwa na banda la kupikia ambako tulijua habari za kila ugonjwa kabla munganga hajazijua. Munganga, yaani daktari, alikuwa Mbelgiji mwenye mikono ya baridi. Alimbonyeza mama tumbo, akamwuliza mambo ya pombe na mafuta, akaamuru achomwe sindano na kuwekewa maji ya mshipani, kisha akasema asile wala asinywe kitu, hata maji, mpaka atakaposema yeye. Aliyetutafsiria alikuwa ifirmie mmoja, muuguzi aliyeitwa Anselme, mtu mzima mwenye subira. Alituketisha mimi na Nabintu kwenye ngazi ya nyuma akatueleza. "Iko nyama moja ndefu, inalala nyuma ya tumbo. Inaitwa kongosho. Kazi yake ni kutengeneza maji ya kusagia mafuta. Sasa imechoka na pombe, imevimba, inaanza kujisaga yenyewe." Nabintu alimwuliza kama ni sumu. Anselme akasema hapana, hakuna mtu aliyemfanyia kitu. Nabintu akamshukuru. Nilimtazama usoni nikaona kwamba hajaamini, na kusema kweli hata mimi sikuamini. Nyama inayojila yenyewe ilikuwa jambo gumu kumeza kuliko jirani mwenye husuda.

Siku tatu mama hakula. Pale bandani wenzetu walitutazama kama watu wanaoua mzazi kwa njaa. Mwanamke wa kutoka Mulenge, aliyekuwa akimlinda mumewe mwenye mguu uliooza, alinipa maziwa nimpelekee, nami nikayanywa mwenyewe mlangoni kwa aibu ya kuyarudisha. Siku ya nne maumivu yalipungua, mama akaruhusiwa chai nyepesi, na alasiri hiyo Nabintu alikuja na kichupa cha mafuta mekundu ya mawese kimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Kwetu kila mtu anajua kwamba mawese huosha sumu. Mtoto akinywa mafuta ya taa, mawese. Mbuzi akila jani baya, mawese. "Munganga atibu ya kwake," Nabintu aliniambia, "na sisi tutibu ya kwetu." Mimi nilikuwa mkaza mwana, yeye alikuwa mtoto wa tumbo la yule mama, na nilijiambia kwamba si mahali pangu kumzuia. Hiyo ilikuwa sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba nilitaka yawe kweli. Nilisimama mlangoni kuangalia kama ifirmie anakuja, na nilipoona njia ni nyeupe nikarudi nikamwinua mama kichwa. Alikunywa vijiko viwili, vimejaa, akalamba mdomo akasema, "Sasa ndio mumenikumbuka."

Jua halijazama nyuma ya milima, tumbo lake lilikuwa gumu kama meza. Sitaeleza kelele zake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alitoka nje na jeraha lake la upasuaji kwa sababu hakuweza kuzivumilia. Munganga alikuja mbio, akauliza amekula nini, na sisi tukatazama sakafu. Anselme aliona tone jekundu kwenye shuka. Akauliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mulimupa nini?" Nabintu akasema, "Dawa ya sumu." Munganga alipotafsiriwa alisema maneno marefu, mishipa ya shingo imemtoka, na Anselme akayafupisha: "Iko anasema mukirudia, mutamuzika." Kwa siku sita hatukujua kama tutarudi Nyamianda na mtu au na maiti. Nabintu hakuondoka kwenye mkeka. Alikuwa akimkanda mama mgongo pale maumivu yalipotokea, na siku moja, tukiosha mabeseni, akaniambia, "Wifi, ni minye nilimushika mukono wa kifo nikamuleta kitandani." Nikamwambia na mimi nilikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo tuliacha kutendeana kwa adabu za mkwe na wifi, tukawa watu wawili wenye kosa moja.

Mama alipona, kama kunaweza kuitwa kupona. Alirudi nyumbani nguo zimemning'inia, na amri ilikuwa moja: pombe kamwe, mafuta hapana, kwa maisha yake yote. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi. Nilichemsha dagaa nikamwaga maji yao, nikachemsha wali, nikapika sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Mama aliitazama sombe ile akasema, "Hii ni majani ya mbuzi. Weye uite mbuzi aje akule." Lakini aliila. Anselme alikuwa amenifundisha jambo jingine ambalo sikumwambia hata mume wangu: niangalie choo chake. Kikielea na kung'aa kama maji ya kuoshea sufuria, basi mafuta yamepita bila kusagwa. Sasa fikiria, mimi niliyekuwa nakatazwa hata kutaja jina la mama mkwe wangu, nikawa kila asubuhi nachungulia kopo lake kama afisa wa forodha. Mara moja kiling'aa. Nilimwuliza. Akakiri kwamba jirani alimletea maharage ya kukaanga. "Weye mutoto ni mubaya," alisema. "Unasoma tumbo la muntu." Lakini tangu hapo aliniruhusu nimwogeshe, na katika kumwogesha ndiko nilikojifunza kutomwogopa.

Biashara ndiyo iliyokufa. Mama hakuweza kuonja, Nabintu hakuweza, nami nikawa naonja badala yao. Wateja walipokea kibuyu, wakanitazama, wakamtazama mwenye pombe aliyekaa pembeni amefunga mdomo, wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali. Ningeweza kuwaeleza habari za kongosho mpaka kesho. Mtu anayeuza pombe asiyoinywa, hakuna maelezo yanayomsaidia. Na ule uvumi wa sumu ya Bwegera haukulala. Ulifika hadi Bwegera kwenyewe, ukawauma. Mwalimu aliandika barua kwamba wazee wake wamekasirika, lakini watakuja kiangazi na pombe ya kuomba mke, na mama mzazi atakaponywa mtungi wao mbele za watu, maneno yote yatakwisha.

Desturi ilikuwa hivi, na hapakuwa na mlango wa nyuma. Shangazi wa bwana harusi anaonja kwanza, kuonyesha kwamba mtungi ni safi. Kisha mrija wa pili unapewa mama wa binti. Akivuta, binti ameolewa. Akirudisha mrija mkavu, amesema mbele ya ukoo kwamba watu hawa ni wachawi, na hakuna ndoa tena, si hapo tu bali na kila atakayesikia. Tulizungumza siku nyingi. Nabintu alitaka aende mwalimu peke yake awaeleze wazee wake. Mwalimu alijaribu, wakamwambia hakuna ugonjwa duniani unaokatazwa funda moja la heshima. Mama hakuchangia. Asubuhi ya siku yenyewe, nikimfunga kitenge ambacho sasa kilimzunguka mara mbili, alisema kama mtu anayezungumzia chumvi, "Leo nitakunywa."

"Mama, ifirmie alisema hata tone."

"Ifirmie haozeshi mutoto hapa."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka kesho. Leo nitakaa." Akanyoosha kitenge. "Na weye funga mudomo."

Niliogopa kuvunja amri yake, na niliogopa zaidi kile kilio cha chumba cha vitanda sita. Nilizunguka nyuma ambako wanawake walikuwa wamemaliza kumsuka Nabintu, nikamwinamia sikioni kama ninayempangia shanga, nikamwambia. Hakugeuka. Baadaye kidogo akauliza, "Akikunywa kidogo tu?" Nikamwambia, "Yale mawese yalikuwa vijiko viwili." Nikaondoka nikijua nimemtwisha mzigo siku yake ya furaha, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua pa kuuweka.

Wakwe walifika na jua la saa sita, wanaume kwa wanawake kama kumi na tano, na mtungi wa kasiksi umebebwa kwa ngata mpya. Walikaa benchi zile za wateja. Nyuso zao zilikuwa za watu waliokuja mahakamani. Shangazi, mwanamke mkavu mwenye pengo, alivuta mrija wake taratibu, akafuta mdomo, akamtazama mama. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya mtungi, kazi yangu ilikuwa kumkabidhi mama mrija. Nabintu alikuwa ameletwa kusalimu, kitenge kimefunika kichwa, amepiga magoti upande wa pili, macho chini kama inavyopasa. Nilitoa mrija. Mama aliupokea, akauinua. Ulikuwa umebaki upana wa kiganja kati ya mrija na mdomo wake, ndipo Nabintu alipoinuka kwa magoti, akaushika mkono wa mama yake, akauvuta mrija kwake, akanywa. Hakuonja. Alikunywa kama ng'ombe aliyetoka mlimani, mafunda makubwa, koo linapanda na kushuka, mpaka kitenge kikaanguka kutoka kichwani na pombe ikamchuruzika kidevuni.

Bibi harusi kunywa kabla ya mama yake, kichwa wazi, mbele ya wakwe: hakuna aliyekuwa amewahi kuona. Shangazi ndiye aliyesema kwanza. "Ni mukwe gani huyu? Hana haya?" Nilimtazama mama. Alimtazama binti yake kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Alikuwa ameelewa. Kisha akaachia ile sauti yake ya zamani, ya wakati wa unene wake. "Pombe yenu ndiyo haina haya. Ni tamu mpaka imemunyanganya mutoto wangu adabu. Amekunywa sehemu yake na yangu. Sasa minye nidai nini? Muchukue mulevi wenu." Mzee mmoja akacheka, kisha wa pili, na shangazi mwenyewe akaficha pengo lake kwa kiganja. Nyumba yetu ilikuwa imekunywa, na desturi imetimia. Tulitozwa kuku mmoja kwa utovu wa adabu, na binti akaolewa.

Wakati wanapiga vigelegele nilimfuata Nabintu nyuma ya shimo la ndizi. Alikuwa amepiga magoti tena, anatapika vyote, machozi na kamasi, nami nikamshika paji la uso. Alipoweza kusema aliniambia, "Wifi, usimwambie muntu. Wakijua, watasema mama alikataa." Niliahidi. Mama hakuwahi kuligusa jambo hilo isipokuwa mara moja, wiki moja baada ya harusi, nikimwogesha mgongo. "Yule mutoto hana kiu," alisema, na akaniomba nimwongezee maji ya moto.

Kwa hiyo pale kwenye kilio, shemeji alipomaliza na watu wakipangusa machozi ya kicheko, niliomba nisaidiwe kusimama. Ahadi nilikuwa nimeitunza mpaka aliyeniahidisha amefukiwa, na wote ambao wangesema mama yake alikataa wamekufa. Nikawaambia kwamba marehemu hakuwa na kiu. Hakuwahi kumeza kasiksi kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Nikawaambia ya hospitali, ya mawese, ya mrija, na jinsi nilivyomshika kichwa nyuma ya shimo. Nilisema kila kitu kwa mpangilio, hata ya choo, kwa sababu umri wangu sasa unaniruhusu. Hakuna aliyecheka. Mtoto wake wa kwanza, mwanaume mwenye mvi, alikuja akakaa mkekani miguuni pangu. Akauliza mbona mama yao aliwaacha wamcheke miaka yote hiyo. Nikamwambia alikuwa anacheka na ninyi. Akauliza tena kama bibi yake aliishi baada ya hapo, maana yeye hamkumbuki.

"Aliishi miaka minne," nilimwambia. "Alikula sombe ya mbuzi miaka minne. Weye ulilala mugongoni mwake mpaka ukajua kutembea, pale pale maumivu yalipokuwa yanatokea."